Wanaosoma kwa namba ya P

Chukua matokeo ya kidato cha nne, ya Rulenge au ya Nyakahura, uangalie namba za watahiniwa. Inayoanza na S ni ya mwanafunzi wa shule. Inayoanza na P ni ya mtahiniwa wa kujitegemea: dada aliyeacha masomo kwa ujauzito, kijana aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu Biharamulo akarudi mikono mitupu, bodaboda wa Benaco anayesoma usiku. Karatasi ya Kiingereza ni moja kwa wote. Ila GPA (wastani wa ufaulu) ya shule, ile ambayo kadiri inavyopungua ndivyo shule inavyosifiwa, hupigwa kwa wale wa S. Wa P wana ukurasa wao.

Mchana nafundisha Kiingereza watoto wa S hapa Ngara, jioni nafundisha watu wazima wa QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Mtu aliyekatisha sekondari, au ambaye hakuifikia kabisa, kwa kawaida hutakiwa kwanza afaulu QT ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne. Masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa kwetu amelelewa kwa Kihangaza au Kishubi, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka. Wa mchana angalau hupewa majuma ya mwanzo ya kuizoea lugha, na mwalimu anaonana naye kila siku. Wa jioni anafika amechoka, mara nyingine na mtoto mgongoni. Anaujua mmomonyoko wa udongo kwa jembe lake mwenyewe, pengine kuliko aliyetunga swali, lakini akiulizwa kwa Kiingereza kalamu inaganda.

Watu hawa wanaweza. Hilo wilaya yetu imeliona zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango wa MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa walioikosa, ulipoanza kwa majaribio, Ngara ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo, pamoja na Kisarawe na Masasi. Wa miaka 11 hadi 13 walisoma miaka miwili, wakafanya mtihani wa darasa la nne na kujiunga na wenzao darasa la tano. Wa miaka 14 hadi 18 walisoma miaka mitatu wakaingia mtihani wa darasa la saba. Aliyechelewa alipewa njia fupi, akapita.

Kinachonisumbua ni mahali wanapohesabiwa. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa hadharani kwa nafasi, na kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia shule za msingi nchi nzima waone upangaji ule ulifanya nini. Zile zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliinua ufaulu kweli. Lakini pia idadi ya wanafunzi waliofika kwenye mtihani wa mwisho ilipungua. Sehemu ya wastani mzuri ilitokana na watoto waliobaki nje ya chumba cha mtihani.

Hapo ndipo programu za waliochelewa, kama QT, zinapoingia. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi kwenye shule za kawaida. Uamuzi ule niliupokea kwa furaha, na furaha hiyo bado ninayo. Lakini nimeona msichana akirudi na daftari jipya, akaitwa ofisini kwa upole: "Mwanangu, wewe sasa ni mtu mzima, nenda QT, utasoma kwa nafasi." Shule yenyewe siitaji. Wapo ambao QT inawafaa kweli: mwenye mtoto mchanga, mwenye duka, mwenye ng'ombe wa kuchunga. Lakini yule alitaka kukaa kwenye dawati la mchana. Alipohama akatoka kwenye S akaingia kwenye P, na wastani wa shule ukapona. Darasa lililofunguliwa ili kumwokoa aliyeachwa likawa mahali pa kumhamishia anayetishia namba. Mkuu wa shule simlaumu peke yake, maana kwenye kikao cha tathmini huulizwa GPA, na hakuna anayemuuliza amewarudisha wangapi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Uamuzi huo niliuunga mkono na bado nauunga mkono. Hata hivyo, huku wilayani wastani bado unapigwa na walimu bado tunalinganishwa kwa wastani huo.

Suala hili lipo hata mbali. Marekani, ambako familia nyingi za Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zimepelekwa kuishi, kijana wa miaka 17 anayejua Kiswahili na Kifaransa kidogo anaingia sekondari ambayo hupimwa kwa idadi ya wanaohitimu katika miaka minne. Akihitaji mitano, kwenye hesabu hiyo ni kama hakuhitimu. Sheria yao ya elimu ya 2015 inaruhusu majimbo yahesabu pia waliohitimu kwa miaka mitano au sita, na matokeo ya mgeni wa lugha katika mwaka wake wa kwanza yanaweza kuwekwa kando. Hawajamaliza tatizo. Lakini wamekubali kwamba anayeanza lugha ukubwani anahitaji kipimo chenye muda wake.

Kwetu ningependa jedwali la tathmini la wilaya, Ngara na Biharamulo, liongezwe safu kwa kila sekondari: waliorudi baada ya kukatisha, waliobaki hadi mwisho wa mwaka, waliohamishiwa QT na sababu yake, waliofaulu QT, na Kiingereza chao kilikuwa daraja gani walipoingia na walipotoka. Kituo cha jioni kilichopo kwenye majengo ya shule kihesabiwe kama kazi ya shule hiyo, mkuu wake asifiwe kwacho au aulizwe. Aliyeingia hajui kuandika sentensi moja ya Kiingereza akatoka na D, mwalimu wake amefanya kazi kubwa, na kwa sasa hakuna karatasi ya wilaya inayoionyesha.