Paka Wawili Kando ya Jiko Moja

Labda utacheka ukiona gazeti linatoa nafasi kwa ugomvi wa paka. Cheka kwanza, kisha usome, maana nyumbani kwetu Bukavu ugomvi huo ulikaribia kumrudisha mama yangu kijijini.

Mama alikuja kukaa kwetu mwanzo wa kiangazi, baada ya kufiwa na baba. Alileta mkeka wake, gunia la maharagwe, na kikapu kilichofungwa kwa kamba. Ndani ya kikapu hicho alikuwamo paka wa kijivu, mzee, mwenye sauti nyembamba. Kwetu alikuwapo tayari paka mweusi, kijana mwenye nguvu, mlinzi wa ghala letu.

Mji wetu uko juu, mita 1,500 hivi kupita usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi hupenya mifupani. Jikoni, nyuma ya nyumba, lipo sanduku la zamani la sabuni karibu na mbabula. Tumelifunika kwa kikwembe kilichochakaa. Hapo ndipo paka mweusi alipolala tangu utoto wake, na hapo ndipo mzee wa kijivu alipokwenda moja kwa moja usiku wa kwanza, kana kwamba ameandikiwa.

Kelele zile majirani walizisikia. Mtoto wetu alitaka kuwaamua kwa mikono, akang'atwa kidoleni. (Jambo hili si la mchezo: jeraha la paka lioshwe mara moja kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali, kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao paka pia huweza kuuambukiza.)

Nami nikafanya kosa ambalo wengi hulifanya. Niliwafungia wote wawili ghalani usiku kucha, nikidhani watazoeana kwa lazima. Asubuhi sikio la mzee lilikuwa limepasuka, na mlango ulipofunguliwa alitoka mbio, asionekane siku mbili. Mama hakula. Aliniambia kwa upole tu: “Mwanangu, mgeni akikosa mahali pa kulala, huaga.” Nilijua hasemi habari za paka peke yake. Na yule mweusi, je? Alishinda juu ya sanduku akililinda, usiku na mchana. Hakuwinda tena, na panya wakatoboa gunia la mama.

Basi nikamwendea daktari wa wanyama, ambaye ni rafiki yetu. Alinieleza kwanza asili ya paka. Babu zao ni paka wa mwituni wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, ambao waliyafuata maghala ya nafaka ya wanadamu yapata miaka 10,000 iliyopita, kwa ajili ya panya. Katika kisiwa cha Kupro wataalamu waligundua kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka, la miaka 9,500 hivi. Habari yake ilitangazwa mwaka 2004. Lakini paka yule wa mwituni huwinda peke yake, kwa kuwa panya mmoja hashibishi wawili. Simba hugawana nyati. Paka hana nyati wa kugawana. Kwa hiyo haoni sababu ya kumpisha mgeni.

Tena, paka hupenda joto kuliko sisi. Mwili wake hustarehe kweli penye nyuzi 30 hadi 38 za Selsiasi. Kwake sanduku lile ni riziki. Na zaidi ya joto, sanduku lina harufu yake: paka ana vitezi vya harufu mashavuni, kwenye paji la uso na chini ya nyayo, na kila anapojisugua mahali, ni kama aandikaye jina lake mlangoni.

Shauri la daktari lilikuwa hili. Tuliwatenga, mmoja jikoni na mwingine chumbani kwa mama. Kila siku tulibadilishana vitambaa vyao vya kulalia, ili kila mmoja aijue harufu ya mwenzake bila kuyaona macho yake. Kisha tukawapa chakula pande mbili za mlango uliofungwa, sambaza kidogo kila upande. Mwanzoni mweusi alinguruma, akaacha samaki wake. Baada ya juma moja alikula. Ndipo tukaufungua mlango kwa upana wa kidole.

Wakati huo nilitengeneza sanduku la pili, sawa na la kwanza kwa ukubwa, nikaliweka upande wa pili wa mbabula. Nikapigilia na rafu ukutani, maana paka aliye juu hajioni amezingirwa. Tukakatazana kuwapiga au kuwamwagia maji: paka aliyepigwa mbele ya mwenzake humhesabia mwenzake maumivu yale. Tulijifunza pia kuangalia dalili. Masikio yakilala nyuma, na mkia ukipiga huku na huku, watenganishwe upesi kwa kuweka ubao katikati, si mkono. Macho yakifumba polepole, amani imekaribia.

Kazi hiyo ilidumu majuma sita. Mke wangu alichoka, nami nikachoka zaidi.

Hawakupata kuwa marafiki. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyechunguza sana tabia za paka, alieleza kwamba huweza kutumia mahali pamoja kwa zamu, kila mmoja na saa yake. Ndivyo ilivyo kwetu. Mzee hukaa kwenye sanduku la zamani toka alfajiri mpaka adhuhuri. Mweusi hulitwaa jioni, kisha huenda ghalani kuwinda. Sanduku nililolitengeneza kwa jasho halikupata mpangaji muda mrefu.

Usiku mmoja wa mvua nilimkuta mama jikoni amelikalia yeye, miguu ameikunja. Paka wote wawili walikuwa juu ya lile la zamani, wamepeana migongo. “Nyamaza,” akaninong'oneza, “wamenifukuza, lakini wamelala.”