Lugha Nyingi Katika Seva Moja

Mgonjwa afikapo katika hospitali inayotumia mfumo wa Bahmni, jina lake likaandikwa mapokezini, akaelekezwa maabara, na hatimaye akasimama mbele ya mshika fedha kulipa gharama zake, yeye huona kazi moja tu iliyofanywa na mtambo mmoja. Walakini ndani ya mtambo huo habari zake zimekwisha kupita katika programu tatu zilizotungwa na watu mbalimbali, kwa lugha mbalimbali, na zimewekwa katika kanzidata za aina mbili ambazo waliozibuni hawakupata kudhani kuwa zitakuja kukaa pamoja.

Mfumo huo ulijengwa kwanza na mafundi wa kampuni ya Thoughtworks kwa ajili ya hospitali ya Jan Swasthya Sahyog iliyoko Ganiyari, katika jimbo la Chhattisgarh nchini India, ambako aghalabu ya wagonjwa ni watu wa vijijini wasio na kitu. Mafundi hao hawakuandika kila jambo upya. Kwa kumbukumbu za matibabu waliichukua OpenMRS, programu ya Java itumiayo kanzidata ya MySQL, ambayo chimbuko lake halikuwa mbali nasi, kwa kuwa madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani waliianza baada ya kufika Eldoret mwaka 2004 na kuona jinsi kumbukumbu za wagonjwa zilivyokuwa zikiwaelemea wahudumu wa huko. Kwa maabara waliichukua OpenELIS, na kwa hesabu na bohari ya dawa wakaichukua Odoo, iliyoandikwa kwa Python. Nazo zote mbili huweka amana zao katika PostgreSQL.

Huenda msomaji akauliza kwa nini isichaguliwe lugha moja na kanzidata moja, ikawa raha kwa wote. Jawabu ni kwamba kila programu huzaliwa katika zama zake na hubeba lugha ya zama hizo: Perl ilitokea mwaka 1987, Python mwaka 1991, na PHP mwaka 1995, mwaka ule ule ilipotoka MySQL, ilhali asili ya PostgreSQL ni kazi iliyoanzishwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1986. Chuo kitakacho kufundisha kwa programu ya Moodle hakina budi kuipokea PHP, na kuiandika Moodle upya kwa lugha nyingine ili tu seva iwe na lugha moja ni kutupa jasho la watu wengi kwa faida isiyoonekana.

Madhali ukaaji wa pamoja ni shurti, basi lazima uwe na kanuni. Ya kwanza ni ya milango. MySQL husikiliza katika mlango wa 3306, PostgreSQL katika mlango wa 5432, na wageni watokao nje hawastahili kuujua hata mmoja katika hiyo. Wao huingia kwa mlango wa 80 au wa 443, ambako Apache au nginx hukaa kama bawabu, ikasoma anwani inayotakiwa na kulipeleka ombi kwa programu inayohusika. Anayeiweka kanzidata ya MariaDB kando ya MySQL ataona ile ya pili ikikataa kuwaka, maana zote mbili hudai mlango ule ule wa 3306, mpaka moja ipewe mwingine.

Kanuni ya pili ni ya kumbukumbu ya mtambo. Java hujitengea fungu lake, na PostgreSQL huanzisha kazi mpya kwa kila anayejiunga nayo. Kila mmoja hujiona kana kwamba ndiye peke yake. Kumbukumbu ikiisha, kiini cha Linux huua kazi mojawapo, na mara nyingi huua iliyo kubwa kupita zote, ambayo huenda ikawa kanzidata yenyewe. Tangu mwaka 2008 kiini hicho kina uwezo wa kuliwekea kila kundi la kazi mpaka wake, na fundi asiyeutumia uwezo huo amejitakia msiba.

Lakini iliyo kuu kuliko zote ni kanuni ya mamlaka. Katika Bahmni, OpenMRS haiandiki chochote katika kanzidata ya Odoo, wala Odoo haichungulii ya OpenMRS. Mgonjwa mpya akisajiliwa, tukio hilo hutangazwa, na programu nyingine hulisoma kwa zamu yake, kisha ikarekebisha daftari lake yenyewe. Kwa tadbiri hiyo programu ya hesabu ikizimika asubuhi, daktari huendelea kutibu, nayo ikirudi husoma yaliyopita bila ya kupoteza jina hata moja.

Hata hivyo, hasara ya seva moja ni dhahiri: diski ikifa, wote wamekufa pamoja. Kwa hiyo nakala za akiba zitolewe za kanzidata zote mbili, tena kwa wakati mmoja, maana nakala ya MySQL ya usiku wa manane ikirejeshwa pamoja na ya PostgreSQL ya alfajiri, zitapatikana ankara za wagonjwa ambao hawakuandikwa popote kuwa walitibiwa. Wala nakala hizo zisilale katika mtambo ule ule.

Wakuu wa hospitali na vyuo vyetu, ambao bajeti zao haziruhusu zaidi ya seva moja, wasiione hali hiyo kuwa aibu. Wamtake fundi wao awaandikie milango iliyo wazi, mipaka ya kumbukumbu na majina ya wenye ruhusa katika kila kanzidata. Kisha wamtake arejeshe nakala ya akiba mbele yao, kwani nakala ambayo haijapata kurejeshwa haifai kuhesabiwa kuwa akiba.