Sidiria baada ya kunyonyesha: Jinsi ya kupata inayokufaa mjini Kampala

Mama anapomwachisha mtoto ziwa, nguo zake mwenyewe humtegea kitendawili. Sidiria alizovaa kabla ya mimba zinambana ubavuni, ilhali sehemu ya juu ya vikombe vyake imebaki tupu. Zile za kunyonyeshea nazo zimepwaya, hazishiki tena chochote. Mjini Kampala, ambako wanawake wengi hununua nguo za ndani kwa kukadiriwa kwa macho katika vibanda vya soko la Owino au katika maduka ya Kikuubo, mara nyingi kitendawili hicho huteguliwa kwa njia moja tu: kununua tena nambari ileile ya zamani, na kuvumilia.

Jambo hili huchukuliwa kuwa la urembo, na kwa hiyo la mwisho katika orodha ya mahitaji ya mama. Lakini sidiria isiyofaa huweza kumsababishia maumivu ya mabega na shingo, na anaponyonyesha, huweza kuyabana matiti na kuzuia maziwa yasitoke vizuri. Isitoshe, hofu ya matiti kulegea huwafanya baadhi ya akina mama wafikirie kukatisha kunyonyesha mapema. Makala haya yanaeleza kinachotokea mwilini, na jinsi ya kuchagua sidiria bila kupoteza fedha.

Ni nini kinachobadilika mwilini?

Titi halina msuli ndani yake. Limeundwa kwa mafuta, tezi za maziwa na mirija yake, na vyote hivyo hushikiliwa na ngozi pamoja na kano nyembamba zinazoliunganisha na kifua. Wakati wa mimba, tezi huongezeka na matiti hukua, pengine tangu wiki za mwanzo. Katika miezi ya mwisho mbavu nazo hupanuka ili kumpa mtoto nafasi. Siku chache baada ya kujifungua maziwa huingia kwa wingi, na matiti huweza kujaa na kuwa mazito kwa muda.

Mtoto anapoacha kunyonya, tezi hizo husinyaa. Mafuta hurudi polepole, na si mara zote hurudi kwa kiasi kilekile. Ngozi iliyotanuka nayo huenda isijikaze kama mwanzo. Ndiyo maana wanawake wengi huona kwamba matiti yamepungua ujazo upande wa juu, au kwamba moja limekuwa dogo kuliko jingine. Hayo ni mabadiliko ya kawaida, wala si ugonjwa.

Je, kunyonyesha ndiko kunakolegeza matiti?

Imani hiyo imeenea, lakini utafiti hauiungi mkono. Daktari wa upasuaji Brian Rinker wa Chuo Kikuu cha Kentucky nchini Marekani alilichunguza suala hilo kwa wanawake waliowahi kushika mimba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Aligundua kuwa mambo yanayohusiana na kulegea ni umri, uzito wa mwili, idadi ya mimba, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza tatizo.

Kwa maneno mengine, mama aliyeshika mimba na kumpa mtoto chupa hukutana na mabadiliko yaleyale. Anayekatisha kunyonyesha ili kulinda umbo lake humnyima mtoto haki yake, naye hapati alichokitafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Nchini Uganda, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 66 ya watoto walio chini ya miezi 6 walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee.

Sidiria nayo haina uwezo wa kulirudisha titi lilivyokuwa. Huliinua na kulitegemeza wakati imevaliwa, basi. Mazoezi ya kifua huimarisha misuli iliyo chini ya titi, lakini hayakazi kano wala ngozi iliyotanuka. Anayeuziwa mafuta ya kupaka kwa ahadi hiyo na azihifadhi shilingi zake.

Vipindi vitatu, mahitaji matatu

Wakati wa mimba, chagua sidiria inayokaa vizuri ukiifunga kwenye kulabu za ndani kabisa, yaani zile zinazokaza zaidi. Mbavu zikipanuka utakuwa na nafasi ya kuilegeza.

Sidiria ya kunyonyeshea huweza kununuliwa mwezi wa 8 au wa 9. Hapo fanya kinyume: iwe inakutosha kwenye kulabu za nje, ili uikaze mbavu zitakaporejea. Vikombe viwe na nafasi ya ziada kwa ajili ya maziwa, na viweze kufunguliwa kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine utakuwa umembeba mtoto. Kitambaa cha pamba hufaa katika joto. Ukitumia vitambaa vya kufyonza maziwa, vibadilishe kila vinapolowa, maana unyevu wa muda mrefu huikera ngozi ya chuchu na huweza kuleta fangasi. Sidiria yenye waya mgumu unaokandamiza titi haifai katika kipindi hiki.

Baada ya kuachisha ziwa, usikimbilie kununua. Matiti huendelea kubadilika kwa wiki kadhaa, na ni busara kusubiri miezi 2 au 3 hadi ukubwa utulie. Kwa muda huo, sidiria moja au mbili laini zisizo na waya zatosha. Kama unapungua au kuongezeka uzito kwa kasi, subiri zaidi.

Jinsi ya kujipima nyumbani

Neno sidiria limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kifua. Asili hiyo yatukumbusha jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: mzigo mkubwa hubebwa na ukanda unaozunguka kifua. Mikanda ya mabegani husaidia tu. Mwanamke anayeikaza mikanda hiyo hadi ikamchora alama mabegani mara nyingi amevaa ukanda wa kifua uliopwaya.

Tafuta futi ya fundi cherehani. Kama huna, fundi wa mtaani atakupima kwa dakika moja, au mwombe dada au jirani unayemwamini. Vaa sidiria isiyo na sponji, kisha pima mara mbili. Kwanza, zungusha futi chini kidogo ya matiti, ikaze kiasi, na uhakikishe imenyooka mgongoni. Pili, zungusha mahali matiti yalipojaa zaidi, bila kuikaza.

Tuseme kipimo cha kwanza ni sentimita 80 na cha pili ni 97. Ukanda wako ni 80. Tofauti ni sentimita 17, nayo ndiyo inayoonyesha herufi ya kikombe. Kwa vipimo vya Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, na 18 hadi 20 ni D. Basi wewe ni 80C. Hesabu hii ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu viwanda havikati nguo kwa namna moja. Anayekata shauri la mwisho ni mwili wako.

Nambari zinazochanganya sokoni

Katika vibanda vya Kampala utakutana na sidiria za China, Uingereza na nchi nyingine zikiwa zimetundikwa pamoja, kila moja na nambari zake. Kwa kawaida 75 ya Ulaya ni sawa na 34 ya Uingereza, 80 ni 36, 85 ni 38 na 90 ni 40. Sidiria nyingi kutoka China huandikwa nambari zote mbili, kwa mfano 36/80.

Jambo jingine linaloweza kukuokoa ni hili: herufi peke yake haielezi ukubwa. Kikombe cha C kwenye ukanda wa 36 kina ujazo unaokaribiana na cha D kwenye ukanda wa 34, au cha B kwenye ukanda wa 38. Kwa hiyo ukikosa 36C, unaweza kujaribu 34D kama ukanda wa 36 hukulegea, au 38B kama hukubana. Kupanda nambari ya ukanda huku ukibaki na herufi ileile hukupa kikombe kikubwa zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Mivumba: faida na tahadhari

Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ni kitovu cha biashara ya mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba. Akina mama wenye matiti makubwa huzitafuta huko sidiria za nambari kubwa ambazo ni adimu miongoni mwa bidhaa mpya za bei nafuu.

Biashara hiyo imekuwa na mvutano wa kisiasa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na mwezi Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza mjini Mbale kuwa anaipiga vita. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, zikiwemo sidiria.

Ukinunua sidiria iliyokwishavaliwa, ivute ukanda kisha uuachie. Usiporudi mara moja, mpira umekufa, na sidiria hiyo haitakushika hata ikiwa nzuri kwa macho. Chunguza kama waya umetoboa kitambaa na kama kulabu zote zipo. Nyumbani, iloweke na kuifua kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuivaa.

Vibanda vingi havina chumba cha kujaribia. Wanawake wengine huvaa fulana nyepesi inayobana mwili, kisha hujaribu sidiria juu yake. Si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko jicho la muuzaji. Ukiwa na aibu, nenda asubuhi kabla ya msongamano, na chagua kibanda cha mwanamke mwenzako.

Jaribio la boda boda

Unapoivaa, inama mbele kidogo na uyaingize matiti yote ndani ya vikombe, hadi nyama za kwapani. Kisha jikague. Ukanda unapaswa kulala sawa mgongoni na kuruhusu vidole viwili kupita chini yake. Sehemu ya katikati iguse mfupa wa kifua. Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za nje, ili uikaze mpira unapochoka.

Inua mikono kana kwamba unaanika nguo: ukanda ukipanda, umelegea. Inama kana kwamba unamwinua mtoto: matiti yakimwagika juu, kikombe ni kidogo. Halafu rukaruka kidogo, ukikumbuka mashimo ya barabarani ukiwa nyuma ya boda boda. Mwisho, ivalie nguo zako za kila siku, iwe ni blauzi ya ofisini, buibui au gomesi, na utazame umbo kwenye kioo.

Kama matiti yamepungua upande wa juu, kikombe kinachofunika titi zima mara nyingi huacha mkunjo. Jaribu kikombe kilichokatwa chini zaidi, chenye sponji nyepesi. Kama ni makubwa na mazito, tafuta kikombe kizima, mikanda mipana na ukanda wenye kulabu 3 au zaidi. Yasipolingana, chagua kikombe kwa titi kubwa, na ujaze upande mdogo kwa kipande cha sponji.

Utunzaji

Fua kwa mkono kwa maji ya kawaida, usiikamue kwa kuisokota, na usiivae siku mbili mfululizo ili mpira upumzike. Usiianike kwenye nyasi. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ndani ya ngozi. Nguo nyingine huokolewa kwa pasi, lakini sidiria huharibiwa na moto wa pasi. Itundike mahali penye hewa, mbali na ardhi, ikiwezekana ndani ya nyumba.

Dalili ambazo sidiria haiwezi kuziondoa

Ukiwa unanyonyesha na ukapata uvimbe wenye joto, wekundu au maumivu, pamoja na homa, legeza sidiria, endelea kumnyonyesha mtoto, na uende kituo cha afya.

Baadhi ya wanawake huogopa kwamba sidiria husababisha saratani. Utafiti wa Kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, uliowahusisha takriban wanawake 1,500 na kuchapishwa mwaka 2014, haukuona uhusiano wowote. Kinachopaswa kutisha ni kuchelewa. Uvimbe usioondoka baada ya matibabu, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, yote hayo yahitaji uchunguzi, hata kwa mama kijana anayenyonyesha. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago imekuwa ikiwahudumia wagonjwa tangu mwaka 1967.

Dakika chache unazojipima kwa futi ni dakika chache za kuutazama mwili wako mwenyewe, baada ya miezi mingi ya kumtazama mtoto. Zitumie zote mbili: kutafuta nambari yako, na kutambua lolote lililo geni.