Mirabaha ya Muziki na Redio Ndogo za Mtandao

Mzanzibari aishiye Maskati, London au Toronto hahitaji tena kungoja mgeni amletee kaseti ya taarab ndani ya mkoba. Hufungua simu yake, akatafuta redio ya nyumbani, na mara humfikia sauti ya ganuni na fidla, ikifuatiwa na tanzia za mji na habari za mvua za masika. Redio za namna hii hazina mnara wala mtambo wa masafa. Kompyuta moja, kipaza sauti, mtandao wa intaneti na chumba kidogo cha ghorofani Malindi au Mkunazini vyatosha kuifanya sauti ya Unguja isikike ulimwengu mzima.

Sisi tunazipenda redio hizi, na tunasema hivyo tangu mwanzo ili maneno yatakayofuata yasije yakadhaniwa kuwa ni ya uadui. Lakini lipo suali ambalo wenye redio hawapendi kuulizwa, na ambalo waheshimiwa waliokabidhiwa mambo ya utangazaji na sanaa hawana budi kulijibu: nyimbo zipigwazo usiku kucha katika vyumba hivyo, nani anawalipa wenyewe, na kwa kipimo gani?

Si suali jipya visiwani. Mwaka 1928 marehemu Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurikodi santuri, na baada ya muda sauti yake ikawa inasikika katika nyumba na mikahawa ya pwani nzima, kila mwenye gramafoni akiizungusha apendavyo. Mwaka 1951 ikaja Sauti ya Unguja. Zikafuata tepu, kisha kaseti, ambazo kila mwenye mashine mbili aliweza kuzinakili na kuziuza sokoni bila ya kumtafuta mwimbaji. Kila mara chombo kimetangulia, na haki ya mtunzi imekuja nyuma ikihema.

Safari hii sheria ipo. Kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano, Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishirikishi, Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA. Nasi tukapitisha Sheria yetu ya Hakimiliki mwaka 2003, ambayo ndiyo mama wa COSOZA. Hapo kabla, mwaka 1994, nchi yetu ilikuwa imekwisha kuingia katika Mkataba wa Berne, unaotaka kazi ya mtunzi ilindwe uhai wake wote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba anapopiga wimbo wa marehemu hamdhulumu yeyote. Marehemu huacha warithi, na wimbo ni mali ya kurithiwa kama ulivyo mkarafuu.

Wako wenye redio wanaojitetea kwamba nyimbo wanazozipiga wamezinunua. Hoja hiyo haisimami. Aliyenunua kanga hakununua kiwanda. Anunuaye nakala ya wimbo amenunua ruhusa ya kusikiliza nyumbani kwake, si ya kuutangazia umma. Tena ndani ya wimbo mmoja zimo haki zaidi ya moja. Iko haki ya aliyetunga shairi na aliyelitia sauti, na iko haki ya aliyeimba, waliopiga ala na aliyegharimia kurikodi, ambayo ndiyo iitwayo hakishirikishi. Mwenye redio anadaiwa na mikono yote hiyo hata kama hajapata kuiona.

Mpaka hapa sisi tuko upande wa msanii, wala hatubanduki. Linalotutia wasiwasi ni kipimo, na hapo inafaa tutazame yaliyowapata wenzetu wa Marekani, maana wao walianza mapema na wakakosea mapema.

Huko redio za kawaida za hewani huwalipa watunzi tu. Mwimbaji na mwenye rikodi hawapati chochote kutoka kwao, jambo ambalo hadi leo tunaliona la ajabu kwa nchi tajiri namna ile. Redio ya mtandao lakini hutakiwa kuwalipa wote. Mwaka 2002 Bunge lao lilifungua njia ya nafuu kwa watangazaji wadogo wa mtandao, na wakaruhusiwa kulipa kwa kadiri ya mapato: asilimia 10 ya dola 250,000 za mwanzo na asilimia 12 ya kinachozidi, au asilimia 7 ya matumizi yao, lolote litakalokuwa kubwa zaidi, mradi lisipungue kiwango cha chini kilichowekwa. Mwaka 2007 bodi inayopanga mirabaha ikaamua kwamba kila redio ilipe kwa kila wimbo na kwa kila msikilizaji, tena kwa bei inayopanda mwaka hata mwaka. Tarehe 26 Juni 2007 redio nyingi za mtandao zikanyamaza siku nzima ili wasikilizaji waonje ukimya unaokuja. Bunge likaingilia kwa sheria za mwaka 2008 na 2009, wadogo wakapata kupumua, lakini nafuu ile ikamalizika mwishoni mwa mwaka 2015. Januari 2016 Live365, iliyokuwa imewapangisha maelfu ya watangazaji wadogo, ikafunga milango, na wengi waliokuwa chini yake wakatawanyika. Ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata ilikuwa mikononi mwa mwenye mali mwengine.

Hebu tufanye hesabu ya kidukani. Bei ya Marekani mwaka 2016 ilikuwa dola 0.0017 kwa wimbo mmoja kwa msikilizaji mmoja, na tangu hapo imepanda. Anayeiona kwa mara ya kwanza hucheka kwa udogo wake. Lakini chukua redio inayopiga nyimbo 15 kwa saa, mchana na usiku, yaani nyimbo 360 kwa siku, na iwe na wasikilizaji 40 tu kwa wastani. Mirabaha yake ni dola 24 na senti 48 kwa siku moja, na kwa mwaka ni zaidi ya dola 8,900. Wasikilizaji 40! Idadi hiyo ni ya barza mbili za Mji Mkongwe wakati wa kahawa ya alasiri. Na kila redio inapopendwa ndipo deni linapokua, ijapokuwa mapato yake yako pale pale, kwa sababu muuza samaki wa Darajani hatoi tangazo kwa ajili ya msikilizaji aliyeko Toronto ambaye hatamnunulia hata dagaa.

Hesabu hiyo si ya Zanzibar, na hatusemi kwamba kuna mtu aliyeipendekeza hapa. Tunaitaja kwa kuwa mifano ya nchi kubwa ina tabia ya kusafiri, na huenda siku moja ikatua mezani kwa mtaalamu wetu ikiwa imevaa suti. Akiikubali bila ya kupima, zitakazobaki ni redio zenye matajiri nyuma yao. Hizo zitapiga nyimbo za Bara na za Marekani zinazovuta matangazo ya biashara, na taarab ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanza mwaka 1905, itarudi kabatini.

Liko na tatizo la mpaka. Kijana anatangaza kutoka Unguja, anapiga wimbo uliorikodiwa Dar es Salaam, na anasikilizwa Maskati. Je, alipe COSOZA kwa kuwa yuko hapa? Au Bara, ambako mwenye wimbo amejiandikisha, na ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yameruhusu kazi ya kukusanya mirabaha ifanywe na vyama vya wenye haki wenyewe? Au atafutwe na chombo cha nchi anakosikilizwa? Makubaliano kati ya vyombo vya hakimiliki ndiyo dawa ya mambo kama haya: mtu alipe mlango mmoja, na milango ipelekeane yenyewe. Lakini mwananchi wa kawaida hawezi kuyajua makubaliano yaliyomo katika majalada. Inatakiwa aelezwe, kwa Kiswahili, katika karatasi moja, kwamba akilipa hapa amekwisha kulipa, au hajamaliza.

Hapa tuingize na neno kwa ndugu zetu wa taarab wenyewe. Nyimbo nyingi za zamani tunazijua kwa jina la klabu au la mwimbaji, na jina la aliyetunga shairi limepotea njiani. Zilikuwa ni zama za heshima, mtu akitoa shairi kwa ajili ya mapenzi ya sanaa au kwa kuombwa na rafiki, bila ya karatasi. Leo mirabaha ikikusanywa kwa ajili ya wimbo kama huo, apewe nani? Klabu, mwimbaji, mpiga fidla aliyetia sauti, au wajukuu wa mshairi waliotawanyika Ng'ambo na Mombasa? Klabu kongwe zina wazee wanaokumbuka. Wazee hao wakiondoka kabla ya kuandikwa wanayoyajua, fedha za marehemu zitagawiwa wengine kwa kukosa ushahidi, na hilo halitakuwa kosa la redio yoyote. Kazi hii ya kuandikisha ianze sasa, na COSOZA iwafuate wazee barazani kwao badala ya kungoja wapande ngazi za ofisi.

Kuhusu kipimo, sisi tungependa kuona redio ndogo ya mtandao inalipa sehemu ya mapato yake, na ile isiyo na mapato kabisa inalipa ada ndogo ya mwaka ambayo hata kijana asiye na ajira aweza kuichanga kwa miezi michache. Isamehewe kabisa? La. Msamaha kamili hufundisha watu kwamba jasho la msanii ni la bure, na mazoea hayo ni mazito kuyaondoa. Redio za jamii, zinazofanya kazi ya kuelimisha vijijini, nazo zisipimwe kwa mizani ya vituo vya biashara. Msikilizaji wa ng'ambo asihesabiwe kwa kichwa mpaka ijulikane kuna fedha anayoiingiza.

Liko jambo moja ambalo halihitaji mkutano wa wajumbe wala fedha za wafadhili. Kila redio iweke daftari la nyimbo ilizopiga: jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi akijulikana, na saa. Kompyuta zinazotumika katika vyumba hivyo zina uwezo wa kuliandika daftari hilo zenyewe. Bila ya daftari, chombo cha hakimiliki hugawa fedha kwa kukisia, na anayekisiwa kupata ni yule ambaye jina lake tayari ni kubwa. Tunawaomba wenye redio za Unguja waanze mwezi huu huu, na tunaiomba COSOZA itayarishe fomu yenyewe, iwe fupi, na ipokelewe kwa simu ili kijana wa Makunduchi asilazimike kupanda daladala hadi mjini kwa ajili ya karatasi moja.