Usukani Unapocheza: Tambua Ugonjwa Kabla ya Kununua Kipuri

Injini ikigonga au moshi ukizidi, gari hufikishwa gereji siku hiyo hiyo. Usukani ukianza kucheza, dereva huuzoea. Leo ataugeuza kidogo zaidi ya jana, kesho ataongeza tena, hadi mikono yake ijifunze kuufidia ubovu bila yeye mwenyewe kutambua. Ni siku ile shemeji anapoliazima gari ndipo anaporudi akihoji: "Gari hili mnaliendeshaje?" Mazoea hayo ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa viungo vya usukani huliwa polepole na kwa kimya. Kile kitakachofika mwisho wake aghalabu hukatika gari likiwa njiani, na huenda siku hiyo limebeba mama na watoto.

Yafaa kwanza tuelewe ni nini kilichopo baina ya mikono ya dereva na magurudumu. Katika magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa katika barabara zetu, usukani huzungusha fimbo ambayo mwishoni mwake pana gia ndogo. Gia hiyo huisukuma raki, yaani upau wenye meno unaokwenda kulia na kushoto. Kila ncha ya raki ina raki endi, na mbele yake tairodi endi, ambayo ndiyo inayoushika mguu wa gurudumu na kuugeuza. Chini ya mguu huo kuna boljointi. Magari kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 hutumia boksi la usukani badala ya raki, ila viungo vyake vya mwisho ni vya jamii hiyo hiyo: tufe la chuma ndani ya kikombe chenye grisi, juu yake pamefunikwa mpira. Mpira ukichanika, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, na chuma huanza kula chuma. Kwa hiyo mpira uliopasuka ni habari muhimu hata kama dereva bado hajasikia lolote mikononi.

Fundi mwelewa huuliza kama tabibu, naye mwenye gari apaswa kumjibu kama mgonjwa mwenye akili timamu. Kusema "usukani mbovu" hakumsaidii. Je, unacheza, ni mzito, unatetema, au gari linavuta upande mmoja? Huanza katika mwendo gani? Wakati wa kufunga breki au wakati wote? Hizi ni dalili tofauti za maradhi tofauti, na anayezichanganya hujikuta analipia vipuri visivyohusika.

Gari likivuta upande, neno la kwanza liwe upepo wa matairi. Upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, na kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva. Kwa magari mengi madogo huwa kati ya 30 na 35 kwa kipimo cha psi. Upepo ukiwa sawa na bado linavuta, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, tairi ndilo lenye kosa wala si usukani. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa diski: gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake, huenda breki yake imekwama. Hayo yote hayagharimu chochote. Na tusisahau kuwa barabara hujengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni. Sisi tunaoendesha kushoto, gari kuteleza kidogo kuelekea kushoto si ugonjwa.

Mtetemo nao una lugha yake. Ukianzia mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kisha ukapungua mwendo unapobadilika, mara nyingi ni balansi ya magurudumu, au rimu iliyopinda baada ya kutumbukia shimoni. Ukitokea pale tu unapokanyaga breki, tazama diski.

Usukani mzito unahitaji maelezo zaidi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huufanya uwe mzito, hivyo tunarudi pale pale pa mwanzo. Katika gari lenye pampu ya mafuta, angalia kopo la mafuta ya usukani, mkanda unaoiendesha pampu, na mabomba. Mlio wa kuvuma unapokata kona, pamoja na povu ndani ya kopo, huashiria kwamba hewa imeingia. Mafuta hayo hayatakiwi kuisha kama petroli. Yakipungua yamevuja mahali, na kuyaongeza kila wiki bila kutafuta yanapovujia ni kulisha ubovu. Pia usiushikilie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kwa muda mrefu, kwani pampu huchemka. Magari kama Passo na Vitz nyingi hayana mafuta hayo kabisa. Husaidiwa na mota ya umeme. Humo, taa ya onyo kwenye dashibodi na usukani uliogeuka mzito ghafla vinataka betri na alteneta vipimwe kabla ya mtu kutaja raki.

Msaada huu wa nguvu si wa kale sana. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, aliufanyia majaribio katika miaka ya 1920, na gari la kwanza la abiria kuuzwa likiwa nao lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951. Nimetaja hayo kwa sababu wapo madereva wanaoamini kuwa injini ikizimika njiani usukani hufa. Haufi. Huwa mzito mno, lakini ukivutwa kwa mikono miwili hugeuka, na gari hufikishwa pembeni. Kinachoufunga kabisa ni kuuzungusha ufunguo hadi mwisho na kuuchomoa gari likiwa bado linatembea. Jambo hili afahamishwe kila anayejifunza udereva nyumbani.

Sasa tuje kwenye kucheza, ambako ndiko hasa kwenye hatari. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka na injini ikiwa inaunguruma. Geuza usukani taratibu huku na huku, mtu mwingine akitazama tairi la mbele kwa nje, kwa pembeni. Umbali ambao ukingo wa usukani unasogea kabla tairi halijasogea ndio mchezo wenyewe. Vitabu vya matengenezo vya Toyota huweka milimita 30 kuwa kikomo, kiasi cha upana wa vidole viwili hivi. Ukizidi hapo, kuna kitu kimelika.

Kukitafuta kitu hicho kunahitaji jeki, stendi imara na subira. Zima injini, nyanyua upande mmoja wa mbele, kisha uliweke gari juu ya stendi. Asiingie mtu yeyote chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Lishike tairi kwa mikono miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama mishale ya saa ikionyesha tatu na tisa, ulitikise. Likigonga, shaka kubwa ni tairodi endi au raki endi. Kisha lishike juu na chini, ulitikise tena: hapa beringi ya gurudumu na boljointi ndizo zinazoulizwa. Ili kuzitenganisha, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Mwisho kabisa, mwenzako autikise usukani huku wewe ukigusa kila kiungo kwa vidole. Kiungo kilichokufa utakihisi kikiruka mkononi.

Kamati ya msikiti wetu ilinufaika na kipimo hicho. Gari linalowachukua wanafunzi wa madrasa lilikuwa linavuta kushoto na usukani wake unacheza. Gereji ya kwanza ilisema raki imekufa, ikatupa bei ya raki iliyotumika, bila hata kulinyanyua gari. Fedha za waumini ni amana, na katibu ndiye anayeulizwa hesabu, kwa hiyo tuliomba kwanza tuonyeshwe ubovu kwa macho. Fundi wa pili alilinyanyua, akatikisa, akatuita tuguse: tairodi endi ya kulia ilikuwa imelegea kabisa, na tairi la mbele kushoto lilikuwa na upepo pungufu. Raki ilikuwa nzima. Tulibadilisha tairodi endi za pande zote mbili, tukajaza upepo, tukapiga alaimenti, na gari likanyooka.

Kazi yenyewe ya kubadilisha tairodi endi si ngumu, lakini ina adabu zake. Pini inayoifunga nati ichomolewe, nati ilegezwe, kiungo kitenganishwe na mguu wa gurudumu kwa kifaa chake badala ya kupondwa nyundo kwenye uzi. Fundi ahesabu mizunguko wakati wa kufungua kile cha zamani ili kipya kikae karibu na pale pale. Nati ikishakazwa, pini iwe mpya. Pini hii ya thamani ndogo ndiyo inayoizuia nati isijifungue yenyewe, na kuweka kipande cha waya mahali pake ni kuhatarisha roho za watu. Alaimenti hufuata baada ya viungo kuwa vizima. Anayeipiga juu ya viungo vilivyolegea ametupa fedha zake, kwa sababu pembe zitahama tena kwenye tuta la kwanza. Dai pia ukabidhiwe kipuri kilichotolewa, ukitikise mwenyewe.

Gari lenye boljointi au tairodi endi iliyolegea kiasi cha kugonga halipelekwi gereji kwa kuendeshwa, hata kama ni mtaa wa pili. Fundi aitwe lilipo, au lipakiwe.

Likishatengenezwa, lijaribu kwenye barabara tulivu kwa mwendo mdogo. Baada ya kona, usukani unapaswa kurudi wenyewe karibu na katikati, na njia ikinyooka nao unyooke. Ukikaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja, rudi kwenye alaimenti. Usikubali fundi aung'oe usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka kwa macho tu. Hila hiyo huficha kosa lililopo chini, na katika gari lenye mfuko wa hewa huweza kuukata waya unaouhudumia mfuko huo.