Transista au aisii? Jibu lilitoka kwenye simtanki

Saa nane usiku maji ya mgao yaliingia mtaani kwetu. Kufikia alfajiri simtanki la jirani lilikuwa limefurika, ua umegeuka tope, na maji ambayo mita imeshayahesabu yameishia mtaroni. Asubuhi akaja na ombi: nimtengenezee kitu kitakachopiga kelele tenki likijaa. Mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye huja kwetu likizo, akadakia kabla sijajibu: "Mjomba, tununue transista au aisii?"

Nililipenda swali hilo, kwa sababu vijana wengi hawaliulizi. Wanakwenda dukani na orodha waliyoinakili, wanarudi na mfuko wa vipuri, na kifaa kikikataa kuwaka hawajui waanzie wapi.

Ndani ya aisii mna transista, rezista na diodi zilizotengenezwa pamoja juu ya kipande kimoja. Transista ilipatikana katika maabara za Bell, Marekani, Desemba 1947. Jack Kilby wa Texas Instruments akaonyesha saketi ya kipande kimoja tarehe 12 Septemba 1958. Kwa hiyo hatuchagui kati ya ukale na usasa. Tunachagua nani aunganishe: sisi kwa lehemu, au kiwanda.

Tulianza na BC547, ile transista ndogo nyeusi ya miguu mitatu. Nyaya mbili zinashuka tenkini. Mmoja unatoka kwenye chanya ya betri ya volti 9. Wa pili unapita kwenye rezista ya omu 10,000 na kuingia mguu wa kati, yaani besi. Maji yakizigusa nyaya zote mbili, mkondo mdogo sana unapita majini, transista inafunguka, king'ora kinalia.

Kikalia kweli. Lakini tulipoweka transista nyingine ya mfuko uleule, sauti ikawa ya kunong'ona. Tukazipima kwenye maltimita: ya kwanza inakuza mkondo mara 410, ya pili mara 160. Kiwanda hakijakosea, kwani BC547 inaruhusiwa kuwa popote kati ya 110 na 800. Dawa yake mafundi wa redio wanaijua tangu zamani: transista ya pili nyuma ya ya kwanza, ili kilichokuzwa kikuzwe tena. Mara 160 kwa 160 ni zaidi ya 25,000, na hapo hata maji ya mvua, yasiyo na chumvi nyingi, yanatosha kuamsha king'ora.

Jirani akataka mlio wa kukatika-katika, unaoamsha mtu vizuri zaidi. Tungeweza kuujenga kwa transista mbili, rezista nne na kapasita mbili, na tukiwa darasani ningemwambia mpwa wangu afanye hivyo. Kwa kifaa cha kumkabidhi mtu nilichukua 555. Aisii hiyo ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyehamia Marekani, kwa ajili ya kampuni ya Signetics. Ina transista zaidi ya 20 ndani ya kipande cha miguu minane. Kuipa mdundo wa sekunde moja tulihitaji rezista mbili, omu 10,000 na omu 68,000, na kapasita ya mikrofaradi 10.

Wengi huisifu kwa udogo wake. Mimi naisifu kwa jambo jingine. Ndani yake mna rezista tatu zinazolingana, zinazougawa umeme wa betri mafungu matatu. Kapasita hujazwa hadi theluthi mbili, hushushwa hadi theluthi moja, kisha hujazwa tena. Betri ikichoka kutoka volti 9 hadi 7, theluthi nazo zinashuka pamoja nayo, na mdundo unabaki uleule. Rezista hizo hazilazimiki kuwa na thamani kamili. Zinatakiwa zifanane tu, nazo zinafanana kwa sababu zimezaliwa pamoja na joto likipanda zinapata moto pamoja. Mimi na mpwa wangu tungepekua mfuko mzima bila kupata pacha wa namna hiyo. Popote saketi inapodai ufanano, mimi nachukua aisii bila kusita.

Ila 555 ya kawaida inakula hata ikiwa haina kazi. Betri ndogo ya volti 9, yenye takriban miliampia-saa 500, ikinyonywa miliampia 5 mfululizo inakwisha baada ya siku nne hivi. Transista iliyofungwa haili kitu cha kuhesabika. Basi tukazitumia zote: transista mbili mbele kama walinzi wa mlango, 555 na king'ora nyuma yao. Maji yasipofika juu, 555 haipati umeme kabisa.

Lipo na suala la ukarabati, ambalo nalipa uzito mkubwa. Transista naipima kwa maltimita ndani ya dakika moja na kujua kama ni nzima. Aisii inanibidi niamini maandishi ya mgongoni. Duka moja liliwahi kuniuzia aisii iliyosuguliwa na kuandikwa jina jingine. Nilitafuta kosa kwenye bodi siku mbili, kumbe bodi haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nunua BC547 kumi, maana kadhaa utaziunguza ukijifunza, na 555 mbili. Ongeza soketi ya miguu minane. Lehemu soketi kwenye bodi, halafu chomeka aisii juu yake, ili siku ikifa uing'oe kwa mkono na kuweka nyingine.