Mate, Machozi na Mishipa ya Fahamu: Namna ya Kulifundisha Somo

Katika somo la Sayansi, mara nyingi mwalimu huwaeleza wanafunzi kuwa mate hulainisha chakula, kisha akaendelea na tumbo. Ni nini kinachoyaamrisha mate kutoka? Swali hili lafaa kuulizwa mapema, kwani jibu lake laweza kuonekana darasani pasipo chombo chochote cha maabara.

Mwalimu na akate limau mbele ya darasa, wala asimwonjeshe mtu. Punde wengi watameza mate. Hapo aulize: limau halikugusa ulimi, basi habari zake zimezifikiaje tezi? Baadhi watajibu, “Kwa harufu.” Jibu hilo si baya, ila habari za harufu, kama zile za macho, hupelekwa kwanza ubongoni. Ubongo ndio utoao amri, nayo husafiri kwa mishipa ya fahamu isiyongoja hiari yetu.

Yampasa mwalimu aijue njia hiyo kwa undani kuliko atakavyoifundisha. Kichwani mna jozi 12 za mishipa ya fahamu itokayo ubongoni. Jozi ya saba, ambayo pia huchezesha misuli ya uso, hupeleka amri kwenye tezi za mate zilizo chini ya taya na chini ya ulimi, na vilevile kwenye tezi za machozi. Jozi ya tisa huhudumia tezi kubwa zilizo mbele ya masikio, zile zivimbazo mtoto auguapo matubwitubwi. Kabla ya kuifikia tezi, amri hupokelewa katika fundo dogo la chembe za fahamu, mfano wa wakimbiaji wapokezanao kijiti.

Pengine njia hizo huchanganyika. Mtu aliyepooza upande mmoja wa uso aanzapo kupona, nyuzi za mate zaweza kuota zikaelekea kwenye tezi ya machozi. Basi kila alapo, jicho moja humwaga machozi. Madaktari huyaita machozi ya mamba. Mtoto wa namna hiyo akichekwa na wenzake, mwalimu ana la kuwaeleza.

Hofu nayo huzizuia amri za mate, kinywa kikakauka. Mwanafunzi aitwaye ghafla kusoma kwa sauti, akakwama, yamkini anajua kusoma vizuri, ila ulimi umenata. Kumkaripia kutazidisha ukavu huo. Apewe maji anywe, kisha aanze upya.